Mto wa Kukalia Chini ya Kioo

Je, wewe unayesoma, ukipewa kazi ya mahali ambapo jicho la mtu halitafika tena, kazi hiyo utaifanya vizuri, au utaifanya tu ili iishe? Usinijibu haraka. Msikilize kwanza Apolena, maana yeye alijibu haraka.

Apolena alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikaa Kunovice, mji mdogo wenye kiwanda cha ndege, pamoja na mama yake, katika jumba la ghorofa tatu lenye ngazi zilizosuguliwa kila Ijumaa. Jumanne na Alhamisi, kengele ya shule ikishalia, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alinunua mkate mmoja mdogo, akaula huku akitembea, kisha akaingia Nyumba ya Watoto, mahali pa kujifunza kazi za mikono baada ya shule, iliyo nyuma ya kanisa. Mlangoni alivua viatu vyake vya baridi, akavipanga kwenye rafu, akavaa ndara zake za kitambaa kizito. Hakuna mtoto aliyeingia humo na viatu vya nje, hata kama amekuja kwa dakika tano.

Chumba cha mwisho kwenye ukumbi ule kilikuwa cha wajenzi wa ndege ndogo. Kilinuka gundi na rangi. Dirisha liliachwa wazi kidogo hata theluji ikianguka, kwa sababu mwalimu wao alisema kichwa cha mtoto si chombo cha kuhifadhia harufu ya gundi. Mwalimu huyo alikuwa Mzee Lubor Hanzal. Kwa miaka thelathini na mmoja alifunga vipimo, zile saa zinazomwonyesha rubani mwendo na kimo, kwenye ndege za kweli, kiwandani ng'ambo ya reli, na sasa alikuwa amestaafu akiwafundisha watoto sita kujenga ndege za plastiki, ndogo mara sabini na mbili kuliko zenyewe. Ndege kama hiyo ukiiweka kwenye kiganja, mabawa yanatokeza pande zote mbili, na rubani wake hazidi kiungo cha mwisho cha kidole gumba.

Watoto wengine walipenda kupaka mabawa. Apolena alipenda kupaka chumba cha rubani. Aliweka viwiko vyote viwili mezani, akashika brashi yenye nywele chache kuliko kope zako, akaifuta kwenye kitambaa mpaka ikakaribia kukauka, kisha akaipitisha juu ya ubao mweusi wa vipimo. Pale brashi ilipogusa, kingo ndogo zilizoinuka zilitokea kijivu, moja baada ya nyingine, kama mji unaoamka. Halafu zilifuata mishale myeupe ndani ya vipimo, na kila kipimo hakikuzidi kichwa cha pini. Hapo ilibidi kubana pumzi na kugusa katikati ya mapigo mawili ya moyo, kwa sababu hata moyo hutikisa mkono. Mwisho alidondosha tone la vanishi juu ya kila kipimo, na kipimo kikang'aa kama kina kioo chake.

Sasa, chumba kile kilikuwa na desturi moja. Kabla mtoto hajafunga kioo juu ya rubani, wenzake waliacha kazi na kukaa kimya. Yeye alisimama akasoma kwenye karatasi kila kitu alichokiweka ndani, hata kile ambacho kioo kikifungwa hakitaonekana milele. "Mikanda ya kiti, nimeweka. Usukani, nimeweka. Kizima moto nyuma ya kiti, nimeweka." Mzee Hanzal hakuwahi kuinama kumulika ndani. Mtoto mmoja aliwahi kumwuliza kwa nini hakagui. Alijibu kwamba akianza kumulika, watapaka kwa ajili ya tochi. Yeye alitaka wapake kwa ajili ya ndege.

Siku moja ya Novemba aliingia Bibi Otýlie Vaculová, aliyekaa chini kabisa katika jumba lile lile la akina Apolena. Alikuja akipapasa ukuta, maana macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Alikuwa ameshika picha ya marehemu mume wake, Cyril, amesimama kando ya ndege ya kunyunyizia mbolea mashambani. Ndege ile watu wa kwetu waliiita kwa jina la nyuki mnene mwenye manyoya, kwa jinsi ilivyovuma. Cyril aliirusha miaka kumi na tisa juu ya mashamba ya viazisukari na mahindi.

Bibi Otýlie alieleza kwamba anataka ndege ile, ndogo tu, ya kuweka juu ya redio. Mabawa yakiwa na kasoro si neno. Alitaka kitu kimoja kiwemo ndani. Akatoa mfukoni nyuzi mbili za sufu, akaziweka mezani mbele ya watoto.

"Mto wa kukalia," alisema. "Kijani, ukingo wa njano. Niliufuma mwenyewe. Kiti cha ndege ile kilikuwa kigumu kama benchi la kituo cha treni, na Cyril alikuwa na mgongo mbaya."

Mzee Hanzal alitazama nyuso zote sita, akaishia kwa Apolena. Akasema mbele ya wote kwamba mkono kama ule hajauona tangu aache kiwanda. Apolena alishusha macho, lakini maneno yale yalimwingia matamu kama asali. Matouš, aliyekaa mbele yake, akanong'ona kwamba akishamaliza mto, ampake na rubani rangi ya kucha. Wakacheka. Hata Apolena alicheka.

Alifanya kazi ile Desemba yote na Januari yote. Vipimo kumi na viwili, vyote vina mishale. Mikanda ya kiti aliikata kwenye karatasi ya fedha ya chokoleti. Mto aliufinyanga kwa udongo maalumu unaokauka usiku kucha, ukawa ukubwa wa punje moja ya dengu. Aliupaka kijani akiulinganisha na uzi wa bibi, na ukingo wa njano ukakaa sawasawa pande zote nne. Ndege ilitakiwa kukabidhiwa Jumamosi, siku ya jina la Otýlie kwenye kalenda ya watakatifu, ambayo kwao husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, na Bibi alikwisha kuwaalika watoto wote kwa chai.

Alhamisi, siku mbili kabla, kilibaki kitu kimoja: kuuweka mto kitini. Wenzake walikuwa bafuni wakiosha brashi. Mzee Hanzal alikuwa ukumbini akizungumza na msafishaji. Apolena aliushika mto kwa kibanio, akauelekeza chini, akabana pumzi. Labda alibana kibanio zaidi kuliko pumzi. Kikasikika kitu, tik, na mto haukuwapo tena.

Wajenzi wote wa ndege ndogo wanaijua sauti ile, na wote hufanya lile lile: hupiga magoti. Apolena alitambaa chini ya meza, akapapasa zulia, akachungulia ndani ya ndara zake, akamulika nyuma ya kipasha joto. Alipata pini mbili, nusu ya gurudumu na makombo ya mkate. Mto haukuonekana, na mpaka leo haujaonekana.

Alikaa chini akafikiri. Kufinyanga mwingine ni usiku mzima kukauka, halafu rangi ya kwanza, halafu ukingo. Angepaswa kusimama na kusema haijawa tayari. Aliwaza uso wa Matouš. Aliwaza yale maneno ya mkono ambao haujaonekana tangu kiwandani. Kisha akachungulia ndani ya ndege. Kiti kilikuwa chini sana, kivuli cha ubao kimekifunika, na mikanda ya fedha inavuta macho. Nani ataona? Tena bibi mwenyewe hata ngazi haioni.

"Niliupaka," alijiambia. "Kuupaka niliupaka."

Wenzake waliporudi na Mzee Hanzal akaingia, Apolena alisimama na karatasi yake. Alisoma vitu ishirini na vitatu. Cha ishirini na tatu alikisoma bila kupumzika, akikibandika kwenye cha ishirini na mbili: mto wa kukalia, kijani, ukingo wa njano, nimeweka. Kisha akachukua gundi. Kwa kioo, siku zote walitumia gundi nyeupe, ile ambayo ukiilowesha maji inaachia. Apolena alichukua ile inayoyeyusha plastiki na kuifanya kitu kimoja. Mzee Hanzal aliuliza mbona hiyo. Alijibu kwamba inashika zaidi, mzee akatikisa kichwa, akaenda kufunga dirisha.

Jumamosi Bibi Otýlie aliwakaribisha jikoni kwake. Alikuwa ameoka mikate midogo ya jamu ya plamu, ikifuka mvuke juu ya kitambaa kilichotariziwa maua. Aliipokea ndege kwa ncha za vidole, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua yake, kwanza jicho hili, kisha lile. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Siuoni," alisema. "Lakini najua umo. Mtoto amesoma mbele ya wenzake."

Apolena alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Alikitafuna na kukitafuna, akihesabu makombo kwenye sahani.

Ndege iliwekwa juu ya redio, kando ya kofia ya Cyril. Tangu siku hiyo, Apolena akipita mlango wa chini alitembea kwa vidole vya miguu. Lakini huwezi kukaa jumba moja na mtu usikutane naye. Siku moja, karibu na masanduku ya barua, Bibi alimshika mkono akampa habari njema. Mwezi wa tatu watamtoa mtoto wa jicho la kulia, na wiki nne baadaye la kushoto. Alisema amekwisha kuamua kitu cha kwanza atakachotazama. Si uso wake kwenye kioo, huo anaujua. Atatazama mto.

Watu wote wa jumba lile waliisikia habari hiyo, maana Bibi aliirudia kwa kila aliyebeba takataka. Apolena alilala akihesabu wiki. Na hapa nitasema lililo kweli, ingawa ni baya: kuna usiku aliomba theluji izidi, barabara zifungwe, bibi asifike hospitali.

Theluji haikuzidi. Bibi alikwenda, akarudi, na jicho likafunguliwa.

Mama yake Apolena ndiye aliyeleta habari. Alirudi kutoka kazini, kwenye duka la mikate, akavua koti na kukaa bila kuwasha jiko. Akasema amempitia Bibi Otýlie, amemkuta analia. Apolena aliuliza kwa nini. Mama akasema kwamba jicho halikupona vizuri. Saa ya ukutani Bibi anaiona, kuku wa jirani anawaona, herufi za hospitali alizisoma mpaka mstari wa chini, lakini vitu vidogo havioni. Amemulika ile ndege kwa tochi siku tatu mfululizo, vipimo anavihesabu, mikanda anaiona, mto hauoni. Wauguzi walimwambia jicho ni zima, yeye akasema wauguzi hubembeleza wazee wote.

"Nilimwambia labda mto haumo," alisema mama. "Alinikasirikia. Akasema mtoto wako alisimama akasoma mbele ya wenzake wote, hawezi kuwa amekosa yeye. Limekosa jicho."

Mama akaendelea, huku akisugua vidole vyake vyenye unga, kwamba baya zaidi ni hili: Bibi amepiga simu hospitali na kukataa kufanyiwa jicho la kushoto. Kama la kwanza limepona nusu, la pili la nini. Wampe mtu mwingine siku yake.

Kesho yake Apolena alijaribu njia ya mkato, kama wafanyavyo wengi kabla ya kushika njia yenyewe. Alibisha kwa Bibi, akaomba aichukue ndege kidogo aisafishe kioo. Moyoni alipanga kukipasua na kusingizia kwamba kimeanguka. Bibi alimfungulia akiwa na macho mekundu.

"Kioo ni safi, mjukuu wangu," alisema. "Jicho ndilo chafu. Iache pale pale."

Kisha akamkatia mkate, akaupaka mafuta ya nguruwe na vitunguu, akamshukuru. Alisema kazi ile ni nzuri, hatia si yake. Apolena aliubeba mkate ule mpaka ngazi ya pili, akakaa hapo, akashindwa kuula na akashindwa kuutupa.

Jumanne alifika Nyumba ya Watoto kabla ya wenzake. Mzee Hanzal alikuwa akikoroga rangi kwa kijiti cha kiberiti. Apolena alisimama na ndara mkononi, hakuzivaa, akamweleza yote kuanzia ile tik mpaka mkate wa jana. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alifunga kopo la rangi, akalikaza sana, kama mtu anayehitaji kukaza kitu.

"Gundi iliniambia," alisema. "Niliiona mkononi mwako, nikaenda kufunga dirisha. Haya. Mwenye mto si mimi, unajua aliko."

"Nitasemaje, Mwalimu?"

"Kama ulivyoniambia mimi. Wala usianze na kule kuupaka."

Watoto walipokuja, Mzee Hanzal aliwaambia leo hakuna somo, akachukua sanduku lake la zana, wakaondoka wawili. Theluji iliyeyuka barabarani, viatu vikaingia maji. Njia nzima mzee hakumfariji, na Apolena alijua kwamba hakustahili.

Bibi Otýlie alikuwa jikoni akimenya viazi. Apolena alisimama karibu na mlango. Alisema mto haumo. Alisema uliruka, hakuupata, akasoma kuwa umo. Alisema jicho lake ni zima, tangu siku ya kwanza ni zima.

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

Bibi alikiacha humo humo. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akageukia kalenda iliyotundikwa karibu na friji, akasoma kwa sauti jina la mtakatifu wa siku ile, na chini yake, kwa herufi ndogo kama mchanga, jina la kiwanda kilichoichapa na mtaa wake. Akageukia ndege, akaita vipimo kimoja kimoja mpaka kumi na viwili. Kisha akaketi.

"Nimelia karibu wiki nzima," alisema, "juu ya jicho zima. Niliwatukana watu waliolitengeneza. Kwa sababu yako."

Apolena alisema anaomba radhi. Bibi akajibu kwamba radhi ataitafuta baadaye, sasa hivi hanayo, na akaenda kwenye simu. Walimsikia akiongea ukumbini, kwanza kwa sauti ya juu, halafu ya chini. Aliporudi alieleza kwamba siku yake ya jicho la kushoto imekwisha kupewa mtu wa kijiji cha pili. Atakaa foleni upya. Wamemwambia Oktoba.

"Oktoba," alirudia. "Kiangazi chote nitakitazama kwa upande mmoja, kama kuku."

Hakuna aliyecheka.

Kisha akasogeza viazi kando, akatandika gazeti, akaiweka ndege katikati ya meza. "Fungua."

Mzee Hanzal alimpa Apolena kisu chembamba, yeye mwenyewe akafunga mikono. Gundi ile ilikuwa imefanya kioo na ndege kuwa kitu kimoja, kama ilivyoahidi. Apolena alikwangua, akapitisha ncha, akasubiri, akapitisha tena. Alifanya hivyo karibu saa nzima. Upande wa kushoto uliachia. Upande wa kulia kioo kililia kidogo, na ufa ukapita kutoka mbele mpaka nyuma, mweupe, usiofutika. Apolena aliacha kisu, machozi yakamdondoka juu ya gazeti.

"Usinililie juu ya rangi," alisema Bibi. "Endelea."

Apolena alikata kipande kwenye kifutio chake cha shule, akakichonga ukubwa wa punje ya dengu. Bibi alileta kikapu cha sufu, na safari hii alichagua uzi yeye mwenyewe, akiuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Apolena alipaka kijani, wakasubiri ikauke, wakanywa chai. Alipaka ukingo wa njano. Bibi aliinama karibu sana, jicho moja limefumbwa.

"Pembe hiyo imepinda," alisema. "Ya kushoto, kule chini."

Mzee Hanzal alivaa miwani, akainama, akatazama, akavaa miwani nyingine juu ya ile ya kwanza. Pembe ilikuwa imepinda kweli, kwa upana usiofika unywele. Alimtazama Bibi kwa heshima, akasema angemhitaji sana kiwandani. Apolena aliinyoosha.

Mto ulishikwa kwa kibanio, na mara hii Mzee Hanzal alitandaza taulo jeupe mezani na kwenye mapaja ya wote watatu. Ukashuka, ukakaa. Kioo kikarudi juu yake na ufa wake, kwa gundi nyeupe. Apolena aliuliza kama asome. Mzee akasema asome. Alisimama akasoma vitu vyote ishirini na vitatu mbele ya wazee wawili na sufuria ya viazi, na cha mwisho alikisoma peke yake, taratibu.

Hapo ndipo Mzee Hanzal aliposema la kumfunza, na hakulisema kwa ukali.

"Mimi nilikaza skrubu nyuma ya ubao wa vipimo, mahali ambapo rubani haoni maisha yake yote. Anapanda, anakaa, anaruka. Haniombi tochi. Mtu akikuamini, Apolena, anakaa juu ya neno lako kama vile rubani anavyokaa kitini, hatazami chini. Ukiwa umemdanganya, hatakushuku wewe kwanza. Atashuku macho yake, atashuku akili yake, na ataumia huko wakati wewe unakula mkate. Ndiyo sababu kazi isiyoonekana ndiyo ya kufanywa vizuri kuliko zote."

Apolena alisema amesikia. Na naamini alisikia, kwa sababu kiangazi chote kile, hadi Oktoba, ndiye aliyemshika Bibi mkono kwenye ngazi kwa upande wake wa kushoto, na Bibi miezi ya kwanza alimruhusu bila kusema naye sana.

Lakini siku ile ilikuwa haijaisha. Bibi Otýlie aliwasha tochi, akamulika ndani ya ndege kupitia kando ya ufa. Alitazama kwa muda mrefu kuliko siku ile ya jina lake. Kisha akazima tochi, akaenda chumbani, kabati likalia, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Alikifungua juu ya meza. Ulikuwa mto wenyewe, wa kweli, kijani, ukingo wa njano, mikunjo ya pasi ingali juu yake.

"Nusa," alimwambia Apolena.

Apolena alinusa. Ulinuka sabuni na dawa ya nondo.

"Cyril alipostaafu, walimletea vitu vyake vya kazini ndani ya gunia. Koti lilinuka mbolea. Kofia hiyo hapo inanuka mbolea mpaka leo. Mto ulinuka kabati langu, kama siku niliyompa." Aliupapasa ukingo kwa kidole gumba. "Miaka kumi na tisa nilikuwa nikimwuliza, Cyril, mto umeukalia? Anasema, nimeukalia, Otýlie. Labda wenzake wangemcheka. Labda aliona aibu kuniambia. Sikumwuliza kwa nini, mpaka nikamzika sikumwuliza."

Mzee Hanzal alikuwa ameshika kofia yake mkononi, hakuivaa.

"Wala sikutaka ndege, mwanangu," alisema Bibi. "Nilitaka mara moja tu mtu aniambie mto umo, nitazame, niukute."